Sura ya Sita: Kizuio cha Usalama na Mdomo wa Mtutu

Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977. Marufuku hiyo iligusa zaidi wanyama wakubwa, na kwa miaka kadhaa baadaye wenye leseni ya kuwinda ndege waliendelea kufuata kanga, kwale na bata wa majini kwa bunduki za marisau. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inaharamisha uwindaji wowote wa kujiburudisha. Leo mkulima wa Awendo akisikia kanga wakilia kandokando ya miwa jioni, hana ruhusa ya kuwalenga kwa mchezo, na mimi naona ni vyema. Hapo jirani, katika Hifadhi ya Taifa ya Ruma kwenye bonde la Lambwe, ndiko waliko swala aina ya korongo walio wa mwisho nchini Kenya. Huko pia hufika mbayuwayu wa buluu, ndege adimu anayehamahama ndani ya Afrika, akakaa kuanzia Aprili hadi Septemba. Nchi yenye hazina kama hizo haina haja ya kumwachia kila mwenye bunduki achague ndege wa kuangusha.

Ndege aliyebaki halali kwa mchezo ni sahani. Tunaiita sahani ya udongo kwa mazoea tu, kwani siku hizi hutengenezwa kwa lami iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa. Kipenyo chake ni milimita 110 na uzito wake ni kama gramu 105. Ni ngumu kiasi cha kuhimili kurushwa na mashine, na ni dhaifu kiasi kwamba punje chache za risasi zinatosha kuivunja. George Ligowsky wa Cincinnati, Marekani, ndiye aliyepata hataza ya sahani ya namna hii mwaka 1880. Kabla yake watu walirusha mipira ya kioo, au waliwaachia njiwa hai wakawapiga, jambo lililofanyika hata kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1900.

Sura hii ni ya mtu wa Migori au Homa Bay mwenye cheti cha silaha na bunduki ya marisau. Pengine ni mkulima wa Ndhiwa, mfanyabiashara wa Rongo, au mstaafu wa Oyugis aliyemilikishwa bunduki ya marehemu babake baada ya Bodi ya Leseni za Silaha kuidhinisha. Nimekutana na wengi wa aina hii. Wanapoanza kupenda mchezo wa sahani, karibu wote huanza na swali lilelile: niweke choki gani?

Swali hilo lina jibu, nalo nitalitoa. Lakini linatanguliwa na jingine ambalo ni wachache wanaoliuliza: kizuio cha usalama cha bunduki yangu kinazuia nini hasa? Mtu aliyekosea choki atapoteza sahani chache. Aliyekosea kuhusu kizuio anaweza kumpoteza mtu.

Kizuio cha usalama, ambacho wapiga shabaha wengi hukiita sefti tu, ni kipande kidogo cha chuma. Kwenye bunduki yenye mitutu miwili kinakaa juu ya shingo ya kitako, nyuma ya wenzo wa kufungulia mitutu, pale kidole gumba kinapotua chenyewe. Kikivutwa nyuma, triga inafungwa. Kikisukumwa mbele, bunduki iko tayari. Kwenye bunduki nyingi za mitutu iliyopandana, kipande hichohicho huenda pia kushoto na kulia ili kuchagua mtutu utakaotangulia kufyatuka. Jifunze hili ukiwa nyumbani, bunduki ikiwa tupu na umehakikisha kwa macho na kwa kidole. Usingoje kulijifunza ukiwa umesimama kwenye kituo cha kupigia na watu wanakungojea. Kwenye baadhi ya bunduki, kipande hicho kikisimama katikati ya kushoto na kulia, hakisogei mbele kabisa, na anayeanza hudhani imeharibika.

Kwenye bunduki nyingi, kinachofungwa na sefti ni triga peke yake. Ndani, nyundo imebaki imevutwa nyuma na springi yake ina nguvu zote, imeshikiliwa na ukingo mwembamba wa chuma ulioingia kwenye pengo dogo. Bunduki ikiangukia kitako kwenye murram, ukingo ule unaweza kuchomoka na nyundo ikapiga, hata kama sefti imefungwa na hakuna kidole kilichogusa triga. Bunduki za kale za gharama kubwa kutoka Uingereza, zile zenye mitambo yake kwenye bapa za ubavuni, mara nyingi huwa na ndoano ya pili ya kuikamata nyundo ikichomoka. Bunduki ya kawaida ya shambani haina. Kwa hiyo mtu anayeruka mtaro au anayevuka ua wa mkonge na bunduki iliyojaa kwa sababu tu sefti imefungwa, anaweka imani yake mahali pasipostahili.

Kuna sefti ya kujirudisha na sefti ya mkono. Ya kujirudisha hufunga triga kila unapoifungua mitutu, hivyo ukishapakia na kufunga lazima uisukume mbele upya. Bunduki nyingi zilizoundwa kwa uwindaji ziko hivyo. Zile zilizoundwa kwa sahani zina sefti ya mkono, inayobaki pale ulipoiacha. Sababu yake ni ya mchezo wenyewe. Mpiga shabaha akiita sahani, ikatoka, kisha akakuta triga imefungwa kwa sababu alisahau kuisukuma sefti, sahani hiyo inahesabiwa amekosa. Waamuzi hawarudishi sahani kwa usahaulifu wa mtu.

Ndiyo maana wengi huuliza kama sefti ya kujirudisha inaweza kubadilishwa. Kwenye bunduki nyingi inawezekana. Kuna kijiti kidogo kinachounganisha wenzo wa kufungulia na sefti, na fundi akikiondoa au kukifupisha, sefti inakuwa ya mkono. Ni kazi ndogo kwa fundi aliyesajiliwa. Haifanywi na jirani mwenye bisibisi, wala na fundi wa baiskeli hata awe hodari namna gani. Ushauri wangu ni huu: ukipiga sahani mara kwa mara, kwenye kiwanja chenye msimamizi, ambako bunduki hupakiwa ukiwa kituoni tu na mdomo wake ukielekea mbele, badilisha. Ukiitoa bunduki kabatini mara mbili tatu kwa mwaka, iache kama ilivyo. Sahani chache utakazopoteza ni bei ndogo.

Bunduki ya kujipakia yenyewe, na ile ya kuvuta kwa mkono, mara nyingi ina kitufe kinachopenya kwenye kikingo cha triga. Kikisukumwa upande mmoja unaonekana mviringo mwekundu, maana yake bunduki iko tayari kufyatuka. Kitufe hicho kimewekwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia. Anayetumia kushoto hulazimika kupindisha kidole mahali pasipofaa, na hapo ndipo ajali hutokea. Kwenye bunduki nyingi fundi anaweza kukigeuza kitufe, au kuweka kingine kilichotengenezwa kwa mkono wa kushoto. Haya ndiyo marekebisho ya kwanza ambayo mwenye kutumia kushoto anapaswa kuyalipia, kabla hajafikiria choki wala mkanda.

Bunduki za mtutu mmoja zenye nyundo ya nje, ambazo bado zimo vijijini, zinahitaji tahadhari ya peke yake. Nyingi hazina sefti yoyote zaidi ya kituo cha katikati, pale nyundo inapovutwa nusu. Kuishusha nyundo taratibu kwa kidole gumba chenye jasho, risasi ikiwa ndani, ni kucheza na roho za watu. Kama hukupiga, fungua kwanza, toa risasi, ndipo uishushe nyundo.

Kuhusu triga yenyewe, sina maneno mengi. Uzito wa kawaida wa kuivuta ni baina ya kilo moja na nusu na kilo mbili. Wapo wanaotaka iwe nyepesi wakidhani watapiga upesi zaidi, na wapo mafundi wa vichochoroni walio tayari kukwangua ule ukingo wa ndani kwa tupa. Ukingo uliokwanguliwa vibaya unaweza kuifanya bunduki ijifyatue inapofungwa tu. Usifanye hivyo.

Kinachomlinda mtu kwenye kiwanja cha sahani si kipande chochote cha chuma. Ni bunduki iliyo wazi. Mitutu ikiwa imeinamishwa, matundu mawili yakiwa yanaonekana na kila mtu, hakuna anayehitaji kuuliza sefti iko wapi. Viwanja vyote vizuri hufuata kanuni hii: unatembea na bunduki wazi, unapakia ukiwa kituoni, unafungua kabla hujageuka. Bunduki ya kujipakia hutembezwa ikiwa na kibendera cha rangi kali kilichochomekwa kwenye chumba cha risasi. Ukimwona mtu amegeuka kuongea na mwenzake huku bunduki yake imefungwa, hata awe mkubwa kiasi gani kwa umri au cheo, mwambie. Kwa mzee unaweza kusema kwa adabu, “Mzee wangu, samahani, naomba tuifungue kwanza bunduki,” na hatakosa kuelewa.

Mambo mawili zaidi kabla ya choki. La kwanza ni risasi iliyokataa. Umevuta triga na hukusikia mlio. Usifungue haraka. Shikilia mdomo wa mtutu kuelekea mbele, hesabu hadi 30 polepole, ndipo ufungue. Mlio ukiwa hafifu, kama wa mtu aliyepuliza mfuko wa karatasi, hatari ni kubwa zaidi, maana kizibo cha plastiki cha ndani ya risasi kinaweza kuwa kimenasa ndani ya mtutu. Toa risasi zote na utazame ndani ya mtutu hadi uone mwanga upande wa pili. Fanya vivyo hivyo mdomo wa bunduki ukigusa ardhi. Mtu wa Nyatike au Lambwe anaujua udongo ule mweusi wa mfinyanzi unavyoganda kwenye gumboot wakati wa mvua. Donge lake dogo mdomoni mwa mtutu linatosha kuupasua mtutu.

La pili ni kuchanganya risasi. Risasi ya geji 20 ni nyembamba kuliko ya geji 12. Ikitumbukizwa kwenye mtutu wa geji 12, inateleza na kukwama mbele kidogo ya chumba, mahali ambapo jicho la haraka haliioni. Mtu akidhani hajapakia, anaweka ya geji 12 nyuma yake na kufyatua. Mitutu imepasuka na vidole vimekatika kwa kosa hilo, na ndiyo sababu watengenezaji wengi huzitia risasi za geji 20 rangi ya manjano. Usiweke geji mbili kwenye mfuko mmoja, wala kwenye droo moja.

Sasa choki.

Mtutu wa geji 12 una kipenyo cha ndani cha takriban milimita 18.5. Sentimita chache za mwisho karibu na mdomo zinaweza kubanwa kidogo, na mbano huo ndio choki. Kazi yake ni kuchelewesha kutawanyika kwa marisau. Wazo hili lina zaidi ya miaka 150: William Pape wa Newcastle, Uingereza, alijumuisha mtutu uliobanwa kwenye hataza yake ya 1866, Mmarekani Sylvester Roper akapata ya kwake mwaka 1868, na katika miaka ya 1870 W. W. Greener wa Birmingham akaifanya ikubalike na watengenezaji wa bunduki. Zamani choki ilichongwa ndani ya mtutu, na ukishainunua bunduki umeoana na choki yake. Bunduki nyingi za sahani za leo zina choki za kufunga kwa skurubu, hivyo mtu mmoja hubeba tano au sita kwenye kisanduku.

Vipimo vyake ni rahisi kukumbuka ukivihesabu kwa robo. Choki ya robo inabana mtutu kwa takriban robo ya milimita. Nusu ni nusu milimita. Robo tatu ni robo tatu ya milimita, na choki kamili inakaribia milimita moja nzima. Isiyobana kabisa inaitwa silinda, na kati ya silinda na robo kuna ile inayoitwa ya skiti. Kwenye ukingo wa choki nyingi za skurubu kuna vijipengo vilivyochongwa ili uitambue bila kuitoa: kipengo kimoja ni choki kamili, viwili ni robo tatu, vitatu ni nusu, vinne ni robo, vitano ni silinda. Wanaoanza huvisoma kinyume, wakidhani vijipengo vingi ni mbano mkubwa.

Mbano huo mdogo hufanya nini? Kwa mita 18, silinda hutawanya marisau kwenye duara la karibu sentimita 80. Choki kamili, kwa umbali huohuo, hutoa duara la karibu sentimita 40. Ukirudi nyuma hadi mita 36.5, yaani yadi 40, choki kamili inatarajiwa kuingiza karibu asilimia 70 ya punje kwenye duara la sentimita 76. Nusu huingiza asilimia 60, robo asilimia 50, silinda asilimia 40.

Wavuvi wa Mbita wataelewa shida yake upesi. Wavu wa macho makubwa hufunika eneo pana lakini samaki mdogo anapenya katikati. Marisau yakitawanyika mno, sahani inapita katikati ya punje bila kuguswa. Yakibanana mno, punje ziko nyingi lakini duara ni dogo, na lazima ulenge kwa usahihi ambao anayeanza hana. Choki inayofaa ni ile inayotoa duara pana kadiri iwezekanavyo bila kuacha matundu ya kupitisha sahani, kwa umbali ule ambao sahani inavunjwa. Umbali, basi, ndio unaoamua. Si jina la mtengenezaji, wala si choki anayotumia bingwa uliyemwona kwenye simu.

Katika mchezo wa skiti, uliobuniwa Massachusetts na Charles Davies na wenzake kuanzia mwaka 1920 au karibu na hapo, sahani hutoka kwenye vibanda viwili na kukatiza mbele ya mpigaji. Nyingi hupigwa zikiwa mita 20 au chini ya hapo. Hapa silinda au choki ya skiti ndiyo mahali pake, pamoja na marisau madogo ya namba 9, ambayo gramu 24 hubeba karibu punje 500. Vincent Hancock wa Marekani ameshinda dhahabu nne za Olimpiki katika skiti, 2008, 2012, Tokyo na Paris 2024, kwa mchezo unaotaka mdomo ulio wazi na jicho jepesi.

Katika trapu ya Olimpiki hali inageuka. Wapigaji husimama mita 15 nyuma ya handaki la mashine, na sahani hutoka kwa kasi ikikukimbia. Kufikia unaibana triga, sahani iko mita 30 hadi 35 kutoka kwako. Hapa mtutu wa kwanza huwekwa robo tatu na wa pili choki kamili, kwa kuwa risasi ya pili hufika sahani ikiwa mbali zaidi. Marisau ni ya namba 7.5, makubwa kidogo, karibu punje 300 kwenye gramu 24, uzito ambao kanuni za kimataifa haziruhusu kuuzidi. Kwa michezo iliyochanganyika, ambayo sahani moja hupita karibu na nyingine mbali, robo kwenye mtutu wa kwanza na nusu kwenye wa pili vinamtosha karibu kila mtu. Anayeanza ningemwekea robo na nusu hizohizo, nikamkataza kuzigusa kwa msimu mzima. Kubadilisha choki baada ya kila sahani iliyopotea ni njia ya kukwepa kujifunza kuongoza mtutu mbele ya sahani.

Asilimia nilizozitaja ni za vitabuni. Bunduki yako ina zake. Kuzipata, hitaji lako ni karatasi kubwa ya upana wa mita moja na robo, kalamu nene na kamba ya sentimita 38. Weka alama katikati ya karatasi, ipige ukiwa mita 36.5 ukiilenga alama hiyo, kisha tafuta mahali punje zilipokolea zaidi na uchore duara kwa kutumia kamba. Hesabu matundu yaliyo ndani. Fungua risasi nyingine ya pakiti hiyohiyo uhesabu punje zake, au mwombe muuzaji akuhesabie, kisha ugawanye matundu kwa idadi hiyo. Rudia kwa karatasi tano, kwa kuwa moja inaweza kukudanganya. Utaona mambo ambayo hakuna muuzaji atakueleza: choki iliyoandikwa nusu inayopiga kama robo tatu kwa risasi fulani, au duara lililokaa kushoto ya alama kwa sababu kitako hakikufai. Tazama pia mapengo. Duara likiwa na sehemu ya ukubwa wa sahani isiyo na tundu hata moja, na pengo hilo likajirudia kwenye karatasi tatu, badilisha risasi kwanza, choki baadaye.

Utunzaji wa choki haumalizi dakika tano. Choki hufungwa na kufunguliwa bunduki ikiwa tupu na iko wazi, kamwe si kwa kuinama mbele ya mdomo wa bunduki iliyofungwa. Paka grisi kidogo kwenye skurubu, kaza kwa ufunguo wake, angalia tena baada ya kila raundi ya sahani 25, maana hulegea. Usipige bunduki ya choki za skurubu bila choki ndani hata ikiwa unataka silinda, kwa sababu skurubu za mtutu zitaharibika. Na ukitumia marisau ya chuma badala ya yale ya kawaida ya madini ya risasi, usizidi choki ya nusu mpaka usome maelekezo ya bunduki yako. Chuma hakibonyei kama risasi, na mbano mkubwa unaweza kuuvimbisha mtutu.

Sasa utafanyia wapi haya yote? Hapa ndipo Migori na Homa Bay zinapotofautiana na vitabu vilivyoandikwa kwa mashamba makubwa ya Ulaya na Marekani. Punje ya namba 7.5, ikipigwa juu kwa pembe inayoipeleka mbali zaidi, huweza kufika karibu mita 190 kabla ya kuanguka, na wenye viwanja huacha wazi takriban mita 275 mbele ili wawe na uhakika. Mita 275 ni kitu kikubwa katika kaunti hizi. Tazama kutoka mlima wowote wa Kanyamkago au Gwassi: boma, shamba, boma, njia ya ng’ombe, shule, boma. Kwenye ukanda wa miwa wa Awendo, Rongo na Ndhiwa, muwa uliokomaa humficha mtu mzima aliyesimama, na mkataji hawezi kukuona wala wewe humwoni. Kule Macalder na Osiri watu wako chini ya ardhi wakitafuta dhahabu, na vichwa vyao huchomoza mahali usipotarajia. Ufukweni Karungu au Sori maji yanaonekana kama uwanja mtupu, lakini mitumbwi iko pale alfajiri na usiku. Tena madini ya risasi ni sumu, na hayafai kumwagwa kwenye ziwa ambalo watu hunywa maji yake na kula samaki wake.

Kwa hiyo mtu asijidanganye kwamba ataagiza mashine ya kurushia sahani na kuifunga kwenye boma lake. Si usalama tu unaokataa. Chini ya Sheria ya Silaha, Bodi ya Leseni za Silaha ndiyo pia inayosajili na kusimamia viwanja vya kulenga shabaha, na mwenye cheti anayefyatua ovyo kijijini anajitafutia matatizo na polisi, na kwa haki. Desemba 2018, serikali iliwaamuru raia wote wenye leseni za bunduki kukaguliwa upya katika muda wa siku 90. Wenye kumbukumbu zilizonyooka na tabia isiyo na doa hawakuwa na la kuogopa. Ni vizuri kuishi kana kwamba ukaguzi wa namna hiyo utaitishwa tena kesho.

Viwanja vingi vya raia viko Nairobi na pembezoni mwake, zaidi ya kilomita 350 kutoka mjini Migori. Mtu anayesafiri umbali huo na bunduki hupiga sahani mara chache kwa mwaka, na mara hizo chache hazitoshi kuijenga ile tabia ya kufungua bunduki bila kufikiri. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko swali lolote la choki. Wenye vyeti wa kaunti hizi mbili wajiunge, watafute ardhi yenye mlima mtupu nyuma yake na mita zao 275 zisizo na boma, walete mkufunzi anayetambulika, wapeleke maombi kwa Bodi na wazungumze na serikali zao za kaunti mapema, kabla ya kununua hata sahani moja. Ukiwa mmoja wao, anza na majina ya wenzako watano. Na hadi kiwanja hicho kitakapopata kibali, bunduki yako ikae kabatini, tupu, mitutu ikiwa imetenganishwa na kitako kama muundo wake unaruhusu, risasi zikiwa zimefungiwa kwingine, na funguo ziwe kwako peke yako.